Je, Watoto Wako Wamehesabiwa Kwenye Mshahara?

Bwana akileta mshahara nyumbani, wengi wetu tunaangalia pesa tu. Tuangalie pia karatasi ya malipo. Hapo kuna mstari wa kodi inayokatwa kwenye mshahara kila mwezi. Kodi hiyo inapungua kufuatana na watu ambao mfanyakazi anawalisha.

Sheria ya kodi ya 10 Februari 1969 ilipunguza 2% ya kodi kwa kila mtu aliyemtegemea mfanyakazi, mpaka watu 9. Waliohesabiwa ni bibi, watoto ambao hawajaoa wala kuolewa, hata waliozaliwa nje ya ndoa wakitambuliwa kisheria, na wazazi wa pande zote mbili wanaoishi kwenu. Kwa hiyo mama yako mzazi anayekaa nyumbani alihesabiwa sawa na mama mkwe.

Tufanye hesabu kwa kiwango hicho cha 2%. Tuseme kodi ya mwezi ni 40.000 FC. Bibi na watoto 4 ni watu 5, yaani 10%. Kodi inapungua 4.000 FC. Kwa mwaka ni 48.000 FC: daftari, kalamu na viatu vya shule. Lakini kama kwenye kazi bwana bado ameandikwa kuwa hana bibi wala watoto, pesa hizo hazifiki nyumbani.

Posho ya watoto ni jambo lingine. Ikiwa haipiti kiasi kilichowekwa na sheria, haikatwi kodi. Kwa wafanyakazi walioandikishwa CNSS, mwajiri analipa 6,5% kwa ajili ya familia, na sehemu hiyo haitoki kwenye mshahara wa mfanyakazi.

Yote haya yanataka karatasi. Mahari peke yake haionekani ofisini; ndoa ya kimila iandikishwe kwa ofisa wa hali ya raia. Mtoto aandikishwe ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Ndani ya siku hizo ni bure.

Wiki hii, kaeni pamoja na bwana, mkiwa na karatasi ya malipo mezani. Mama mwenye kazi alete na ya kwake. Hesabuni majina. Kama kitinda mimba hayumo, pelekeni nakala ya cheti chake kwa mwajiri kabla mishahara ya mwezi haijatayarishwa.