Bobi, bustani na sukari ya mama watoto

Ukipita mtaa kwa mtaa hapa Gisenyi utahesabu mbuzi, kuku, sungura na hata bata kabla hujakutana na mbwa mmoja. Mgeni kutoka Tanzania au Uganda, aliyezoea usiku wenye mbwa wanaobweka kila nyumba, huliona jambo hilo haraka. Wapo wanaodhani ni umaskini, wapo wanaodhani ni amri ya serikali. Sivyo.

Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, maiti zilibaki bila kuzikwa barabarani, mashambani na makanisani. Mbwa walizila. Baadaye wanajeshi wa RPA, na hata wale wa Umoja wa Mataifa, waliwapiga risasi mbwa hao popote walipowakuta, na kwa miaka kadhaa mbwa walikuwa adimu nchini. Hata kabla ya hapo mnyama huyu hakuwa na heshima kubwa: kwa Kinyarwanda, kumwita mtu mbwa ni tusi zito.

Sisi tuliokulia uhamishoni tulirudi na kumbukumbu nyingine kabisa. Kule Karagwe mbwa alikwenda machungani na ng'ombe, akala ukoko wa ugali, akalala mlangoni. Baadhi yetu tulipopata kiwanja tuliweka uzio, tukapanda mboga, kisha tukatafuta mbwa. Wa kwangu anaitwa Bobi. Nyumbani kwetu amekuwa sehemu ya matibabu, na wakati huohuo amekuwa mzigo kwa jirani.

Mama watoto ni mfanyabiashara wa mpakani. Anauza vitunguu na karoti Birere, upande wa Goma. Wenzake wa Petite Barrière wanaijua ratiba hiyo: kuamka usiku, kuondoka bila kutia kitu tumboni, foleni, kisha kukaa kwenye gunia mchana kutwa na chupa ya soda ya kudanganya njaa. Chakula chenyewe huliwa usiku, nacho ni sahani iliyojaa viazi.

Mpaka ulipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, alikaa nyumbani, na hapo ndipo tulipoona yale ambayo pilikapilika zilikuwa zikiyaficha. Kiu haikukatika. Alikwenda haja ndogo mara nne au tano kwa usiku mmoja. Macho yakawa na ukungu. Kituo cha afya walimpima asubuhi kabla ya kula, wakakuta miligramu 214 kwa desilita. Kwa mtu mzima wa afya, kipimo hicho huwa chini ya 100. Kikifika 126, na kikarudiwa siku nyingine kikabaki hivyo au zaidi, huo ni ugonjwa wa sukari. Alipewa vidonge vya metformin na maagizo matatu: ale kwa mpangilio, atembee angalau nusu saa kwa siku, atunze miguu.

Vidonge havikuwa na matatizo. Kutembea ndiko kulikoleta mjadala. "Nitembee niende wapi?" aliniuliza. Kwake, mwanamke mzima akionekana alfajiri barabarani bila mzigo kichwani, watu watauliza nani kamfukuza. Mzigo wake hupelekwa mpakani kwa pikipiki, naye juu yake. Lakini Bobi asipotolewa nje hufukua bustani, na siku moja, kwa hasira ya kuona karoti zake zimelala chini, mama watoto alichukua kamba akatoka naye. Waliteremka hadi barabara ya ufukweni, wakarudi baada ya dakika arobaini. Hakuna aliyemuuliza kitu. Kesho yake akaenda tena. Mbwa alimpa sababu ya kutembea ambayo daktari hakuweza kumpa.

Baada ya miezi mitatu kipimo kilishuka hadi 138. Sisemi ni kazi ya mbwa peke yake. Vidonge vilikuwepo, na bustani pia.

Bustani yetu ni ile ya duara ambayo serikali imeihimiza nchi nzima, akarima k'igikoni, shamba dogo la jikoni. Niliijenga kwa mawe ya volkano, ngazi tatu, pana chini na nyembamba juu: sukuma na mchicha chini, karoti katikati, vitunguu na seleri juu. Kiangazi huimwagilia kwa maji yaliyooshea mboga. Mbolea ni ya sungura. Kinyesi cha mbwa hakiingii hapo hata kidogo, kwa sababu kina minyoo inayoweza kumpata binadamu. Udongo wa Rubavu unazaa, lakini mawe yake hukata kama wembe, na mwenye sukari huweza kupoteza hisia za nyayo akajikata bila kujua. Kwa hiyo mama watoto haingii bustanini bila buti za mpira, na kila usiku tunakagua nyayo zake kwa tochi. Akiwa na jeraha, Bobi haruhusiwi kulilamba. Wazee wetu waliamini mate ya mbwa ni dawa. Yana vijidudu, na kidonda cha mgonjwa wa sukari hupona polepole.

Sahani nayo ilibadilika. Nusu mboga, robo viazi, robo maharage au sambaza. Kumpunguzia viazi mtu wa Rubavu ni ugomvi wa nyumbani ambao sitausimulia. Sambaza hawakuleta ubishi. Hao nao ni wahamiaji, waliletwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo hakuna anayewauliza kwao ni wapi.

Sasa jirani. Nyumba ya juu yetu anaishi bibi mmoja aliyenusurika 1994. Hakuwahi kulalamika. Tuliona tu kwamba haipiti tena njia yetu kwenda misa ya asubuhi. Anazunguka mlima mzima. Mkwe wake ndiye aliyetueleza: akisikia mbwa anahema nyuma ya uzio, miguu inamgoma.

Nimewasikia wenzangu tuliorejea wakicheka habari za namna hii, eti mtu mzima anaogopa mbwa. Sikubaliani nao. Hawakuona alichokiona yeye, na mimi pia sikukiona.

Tulimwendea jioni, bila mbwa. "Mwalimu," aliniambia, "mbwa wako hana kosa. Ni mimi nisiyeweza." Mama watoto akasema basi tutamtoa Bobi, tumpe mtu wa mbali. Bibi akakataa. "Na sukari yako je, mwanangu? Nani atakutoa nje?" Tukakaa pale mpaka giza.

Tulikubaliana hivi. Matembezi yakaanza saa kumi na nusu, muda mrefu kabla ya misa, kwa njia ya chini. Bobi hatoki bila kamba. Uzio ukaongezwa matete ili asionekane wala yeye asione. Na wiki ya kuanzia tarehe 7 Aprili, nchi inapoanza kukumbuka, Bobi hatoki kabisa. Siku hizo mama watoto hutembea nami. Kila mwaka anachanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa kwa afisa mifugo, na cheti nilimpelekea bibi akione. Anayenunua mtoto wa mbwa ng'ambo ya mpaka naye adai cheti. Mtu akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, kwani dalili zikishaanza ni nadra sana mtu kupona.

Nyiragongo ilipolipuka Mei 22, 2021, na matetemeko yakafuata siku nyingi, tulilala nje na ukuta wa jikoni ukapasuka. Tangu hapo kuna mkoba mlangoni: vidonge vya wiki mbili, kadi ya bima, kitabu cha kliniki, pakiti ya biskuti. Nawashauri wafanyabiashara wenye sukari au presha wawe nao hata wakivuka kwa saa chache, maana mpaka wetu hufungwa bila kubisha hodi.

Mkoba huo ulitolewa tena Januari 27, 2025, risasi na mabomu ya vita vya Goma yalipoangukia upande wetu na kuua watu. Nyumba ya bibi imeelekea Goma. Mkwe wake alimleta kwetu, wakakaa sebuleni mbali na madirisha. Bobi nilimfunga stoo. Alilia mchana kutwa, ukuta mmoja tu kati yake na bibi, na bibi hakuomba ahamishwe. Jioni aliuliza kama mbwa amepewa maji.

Bado hapendi kumwona. Mjukuu wake huja kuchukua seleri, naye hubaki njiani. Mwezi uliopita mama watoto alipotoka kliniki, bibi alikuwa amesimama pale njiani akisubiri kusikia kipimo. Kilikuwa 121.