Besi Njema na Mahali pa Sabufa

Miongoni mwa vyombo vilivyopata makazi katika sebule zetu, tangu Mombasa hata Mbeya, sabufa ni kimoja kinachopendwa mno na kuwekwa ovyo mno. Maana aghalabu mwenye nyumba akishaileta kutoka dukani huisukuma chini ya meza ya televisheni, au huitia pembeni ambako haitamzuia mtu njia, kisha hukizungusha kitufe cha besi hata mwisho wake, na vioo vya madirisha vikianza kutetemeka hudhani kwamba amekipata alichokitaka. Alichokipata ni mngurumo. Besi njema ni ile imwezeshayo msikilizaji kuipambanua noti moja na nyingine, akamfuata mpiga gitaa la besi hatua kwa hatua, akajua wapi amepanda na wapi ameshuka. Na besi ya namna hiyo, kwa sehemu kubwa, haipatikani kwa wingi wa umeme wala wa fedha, bali kwa kukipatanisha chombo na chumba kilichomo.

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Sikio zima la binadamu huidiriki mitikisiko tangu 20 hata 20,000 kwa sekunde, na katika daraja zote hizo sabufa imekabidhiwa ya chini kabisa, isiyozidi mitikisiko 100 hivi. Uzi mnene wa gitaa la besi, na kadhalika ule wa fidla kubwa ya besi ipigwayo kwa kusimama katika taarabu ya Unguja, hutikisika kiasi cha mara 41 kwa sekunde. Kwa hiyo sabufa ifikayo hapo kwa uaminifu imekwisha kutimiza haja ya nyimbo zetu karibu zote. Ama zile wati zinazoandikwa kwa herufi kubwa juu ya boksi, yafaa ijulikane kuwa kuzidisha nguvu maradufu huongeza desibeli 3 tu, ilhali kuisogeza sabufa kutoka katikati ya chumba hata karibu na ukuta kwaweza kuongeza desibeli zipatazo 6, pasipo gharama yoyote.

Hapa ndipo ilipo siri ya jambo lote. Sauti husafiri hewani kiasi cha mita 343 kwa sekunde, na kwa hesabu hiyo mtikisiko wa mara 43 kwa sekunde una wimbi lenye urefu wa mita 8, yaani maradufu ya sebule ya mita 4. Wimbi hilo, likiisha kuugonga ukuta wa matofali ya saruji, hurudi likakutana na lile lijalo nyuma yake, na kama yafanyavyo maji yanaposukwasukwa ndani ya karai, kando kando hujaa na katikati hupwa. Ndiyo sababu wageni wawili, mmoja ameketi katikati ya chumba na mwingine ameegemea ukuta, huweza kuusikiliza wimbo mmoja, wa katikati akalalamika kwamba besi haipo, na wa ukutani akalalamika kwamba imezidi. Nao wote wawili wamesema kweli. Chumba cha mraba kina taabu zaidi, kwa kuwa kasoro ya urefu wake na kasoro ya upana wake huangukia noti ile ile, zikasaidiana kuiharibu.

Maadamu chumba ndicho kinachoamua, na kiulizwe chenyewe. Iondoe sabufa mahali pake, uiweke pale pale unapoketi kwa kawaida, juu ya kochi ikiwezekana, kisha upige wimbo ambao besi yake hupanda na kushuka. Usiongeze sauti kupita kiasi. Baada ya hapo inama, kichwa kiwe karibu na sakafu, ukitambaa polepole kandokando ya kuta. Utafika mahali ambapo noti moja inavuma na kuzimeza nduguze. Utafika mahali pengine ambapo besi imetoweka kana kwamba imezimwa. Na ukivumilia utafika mahali ambapo noti zote zinakuja kwa usawa, kila moja ikianza na kukoma kwa wakati wake. Pahali hapo ndipo makao ya sabufa, kwa sababu athari ya chumba juu ya sauti iendayo kutoka hapa hata pale ni ile ile juu ya sauti irudiyo kutoka pale hata hapa. Pembe ya chumba, ambayo wengi huikimbilia, huikuza sauti kuliko mahali pengine popote, lakini huyaamsha mavumi yote ya chumba kwa pamoja. Na ikiwa nafasi hairuhusu kwingine, basi lisogezwe kochi badala ya sabufa, maana hata hatua moja yaweza kugeuza mambo.

Mwenye fedha za kununua sabufa moja kubwa na afikiri kwanza juu ya mbili za kadiri. Mwaka 2002 mtafiti Todd Welti, wa kampuni ya Harman huko Marekani, alieleza kwamba sabufa mbili zikikabiliana, kila moja katikati ya ukuta wake, hupunguza sana tofauti ya besi baina ya kiti kimoja na kingine.

Mahali pakishapatikana, vitufe vije baadaye. Ikiwa sabufa yako ina kitufe cha kuchagua mpaka wa kazi yake, anzia kwenye mitikisiko 80, kwa kuwa chini ya hapo sikio halitambui vyema sauti inatoka upande gani; lakini spika zako zikiwa ndogo sana, upandishe kidogo ili pasiwe na pengo katikati. Ikiwa kuna swichi yenye alama 0 na 180, mwache mtu aigeuze huku wewe umeketi mahali pako: upande wenye besi iliyoshiba ndio ambao sabufa na spika zinasukuma hewa pamoja, na ule mwingine moja husukuma na nyingine huvuta, zikafutana. Mwisho, ipunguze sauti ya sabufa mpaka usiweze kuonyesha kwa kidole besi inakotoka, ila ukiizima uione sebule imepungukiwa.

Yapo pia yatokanayo na maumbile yetu. Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara za Bell walionyesha mwaka 1933 kwamba kadiri sauti inavyokuwa ndogo, ndivyo sikio linavyozidi kupoteza noti za chini kuliko za kati. Basi anayesikiliza usiku kwa sauti ya upole ana haki ya kuongeza besi kidogo, alimradi airudishe mchana. Zulia na mapazia huituliza sauti kali ya juu, lakini wimbi la mita 8 huyapita kana kwamba hayapo. Vikombe na sahani zitikisikazo kabatini ni lazima zitafutwe na kutengwa, kwani mlio wao huchanganyika na muziki, na sabufa ikalaumiwa kwa kosa lisilo lake.

Wimbi hilo lisilozuiwa na pazia halizuiwi kwa urahisi na ukuta pia, na jirani hupata fungu lake atake asitake. Sabufa iliyopangwa vyema husikika wazi kwa sauti ndogo, na kwa hiyo mpangilio mwema ni starehe kwa mwenye nyumba na ni insafu kwa jirani yake. Anayekusudia kununua sabufa kubwa zaidi, kwanza na aihamishe aliyo nayo.