Nikeli na Vifungo vya Kaboni: Tatizo la Istilahi

Mtafsiri wa matini za sayansi hukabiliwa na hatari mbili. Ya kwanza ni kukosa neno. Ya pili, ambayo ni kubwa zaidi, ni kulipata neno upesi mno. Makala haya yanakusudia kuieleza hatari hiyo ya pili kwa mfano mmoja wa kemia, yaani kazi ya nikeli katika kufunga atomi za kaboni.

Dawa na rangi nyingi ni molekuli zilizojengwa juu ya kaboni, na kuifunga atomi moja ya kaboni na nyingine si kazi nyepesi. Mwaka 1912 Wafaransa wawili, Paul Sabatier na Victor Grignard, waligawana Tuzo ya Nobel ya Kemia. Sabatier alionyesha kuwa unga laini wa nikeli huiwezesha haidrojeni kuingia katika kampaundi za kaboni; kwa njia hiyo mafuta ya maji hugeuzwa kuwa mafuta ya mgando. Grignard naye alibuni vitendanishi vya magnesi vinavyobeba kaboni. Mwaka 1972 njia hizo mbili zilikutana. Makoto Kumada na wenzake nchini Japani, na Robert Corriu nchini Ufaransa, kila upande peke yake, walionyesha kwamba nikeli kidogo hukiwezesha kitendanishi cha Grignard kufungamana na kampaundi ya kaboni yenye klorini au bromini. Tuzo ya mwaka 2010 ilikwenda kwa waliotumia paladi katika kazi ya namna hii. Lakini nikeli ni ya bei nafuu zaidi, na wanakemia wangali wakiishughulikia.

Sasa tuyatazame maneno. Nikeli huitwa *kichocheo*. Kuchochea ni kusukuma kuni motoni, au kutia fitina kati ya watu. Mchocheaji husimama kando. Nikeli haisimami kando. Huingia katika mmenyuko, huzishika pande zote mbili, kisha hutoka kama ilivyokuwa. Neno limekwisha kuenea na haifai kuling'oa, ila fasili yake haina budi kulitaja jambo hilo. Mwalimu anaweza kutumia mfano wa mshenga, mradi aongeze kuwa mshenga huyu huwashika mkono wote wawili kwa wakati mmoja.

Kwa maelezo ya kawaida, kazi hiyo ina hatua tatu. Katika ya kwanza, nikeli hujipachika kati ya kaboni na klorini na kutoa elektroni mbili. Jina la kigeni la hatua hii lina mzizi wa oksijeni, kwa kuwa kutoa elektroni huitwa oksidisho. Mtafsiri akiandika “kuongeza oksijeni”, mwanafunzi ataitafuta oksijeni ambayo haimo. Katika ya pili, magnesi huipa nikeli kaboni yake na kupokea klorini. Katika ya tatu, kaboni mbili hufungamana na kuiacha nikeli, nayo hurudishiwa elektroni zake. Hatua hii kwa lugha ya kigeni huitwa uondoaji. Lakini kwetu kinachoondolewa ni taka, ilhali hapa kinachotoka ndicho kilichotafutwa tangu mwanzo.

Hata jina la mmenyuko mzima lina mtego. Sifa yake ya kigeni ni neno liwezalo pia kumaanisha msalaba, wala hapa hapana msalaba. Maana yake ni kwamba vipande viwili visivyofanana vinaunganishwa.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo:

*Kichocheo*: kitu kinachoharakisha mmenyuko kwa kushiriki ndani yake, kisha kikabaki kama kilivyokuwa.
*Uunganishaji mseto*: kufunga vipande viwili tofauti vya molekuli.
*Ujipachikaji*: metali kuingia kati ya atomi mbili zilizofungamana.
*Upokezanaji*: metali mbili kubadilishana vilivyoshikwa nazo.
*Uachiaji*: metali kuvifunga vipande viwili ilivyovishika na kuviacha vitoke pamoja.

Maneno haya hayafuati umbo la maneno ya kigeni. Yanafuata kitendo chenyewe. Wasomaji walio madarasani wayajaribu kwa wanafunzi. Neno ambalo mwanafunzi atashindwa kulitumia kueleza hatua yake, hilo na tuliache, tutafute jingine.