Dampo la Zamani na Afya ya Wanaoishi Juu Yake

Kabla ya taka za Dar es Salaam kupelekwa Pugu Kinyamwezi, zilitupwa Tabata, kisha Vingunguti, kisha Mtoni. Madampo hayo yalifungwa moja baada ya jingine, na mji ukaendelea kukua kuyazunguka. Aliyehamia baadaye huona ardhi yenye majani tu.

Kulifukia dampo kwa udongo hupunguza harufu, inzi na panya. Hakuondoi kilichofukiwa. Maji ya mvua hupenya katika taka, yakabeba naitreti na metali kuelekea visimani na mabondeni. Hapo ushauri uliozoeleka wa kuchemsha maji hautoshi: moto huua vijidudu, lakini hauondoi naitreti wala risasi, na maji yanapopungua sufuriani kemikali hizo huzidi kukolea. Mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo kwa maji ya namna hiyo huweza kuwa na midomo ya buluu, kwa kuwa damu yake hushindwa kubeba oksijeni ipasavyo.

Madini ya risasi, yatokanayo na betri na rangi za zamani, husalia katika udongo wa juu kwa miongo mingi, na mtoto huyameza kwa mikono yenye vumbi. Kando ya Dandora, Nairobi, dampo ambalo bado linatumika, uchunguzi wa UNEP wa mwaka 2007 uliwapima watoto 328; nusu yao walizidi mikrogramu 10 za risasi kwa desilita ya damu. Leo WHO hushauri chanzo kitafutwe kuanzia mikrogramu 5.

Ugumu ni kwamba upungufu wa damu, maumivu ya tumbo na uzito wa kujifunza hufanana na minyoo au lishe duni. Mtoto hupewa dawa ya minyoo mara ya tatu, kisha hurudi kuchezea ua ule ule. Mhudumu amwulize mzazi: mnaishi wapi, na hapo zamani palikuwa na nini? Hata pasipo na kipimo cha risasi, familia yaweza kunawa mikono kabla ya kula, kupangusa sakafu kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia, na kupanda mchicha katika viroba vya udongo ulioletwa kutoka kwingine. Mlo wenye madini ya chuma na kalsiamu, kama dagaa, hupunguza risasi inayofyonzwa.

Zipo dawa za hospitalini za kuondoa risasi mwilini, kwa viwango vya juu. Zikitolewa huku mtoto akiendelea kumeza vumbi lile lile, risasi hurejea.