Ikola iko mkoa gani? Taja na mwaka

Mtangazaji wa kipindi cha chemsha bongo akiuliza Ikola iko mkoa gani, wasikilizaji wengi watapiga simu na kusema Kigoma. Kosa hilo linaeleweka. Kwa Mtanzania aliye mbali na magharibi ya nchi, Ziwa Tanganyika ni Kigoma tu: mwisho wa reli ya kati, dagaa, na meli ya MV Liemba ikijiandaa kuelekea kusini. Hajui kwamba ziwa hilo, kwa upande wetu, linagusa mikoa mitatu. Kigoma iko kaskazini, Rukwa kusini, na katikati yao Katavi ina ufuko wake. Ikola ipo kwenye ufuko huo, Wilaya ya Tanganyika, kaskazini kidogo ya Karema.

Hilo ndilo jibu la leo. Sasa mchukue mzee aliyezaliwa Ikola miaka ya 1950, akavua migebuka ujana wake wote, akalima mpunga, akazeeka hapohapo. Alizaliwa katika Jimbo la Magharibi, makao makuu Tabora. Baada ya uhuru majimbo yalipovunjwa kuwa mikoa, akawa mtu wa Mkoa wa Tabora. Mwaka 1974 Wilaya ya Mpanda ilitolewa Tabora, ikaunganishwa na Sumbawanga iliyotolewa Mbeya, ukazaliwa Mkoa wa Rukwa. Mwaka 2012 Mpanda ikatoka Rukwa na kuwa makao makuu ya mkoa mpya wa Katavi. Kisha eneo la ziwani, lililozoeleka kuitwa Mpanda Vijijini, likawa Wilaya ya Tanganyika. Mzee huyo hajahama hata nyumba, lakini ukimwuliza kwao mkoa gani ana haki ya kukuuliza: mwaka gani?

Wanaoona maswali ya namna hii kuwa michezo ya watoto wa shule wafuate nyayo za mzee huyo kila alipohitaji saini ya mkoani. Zama za Tabora, safari ya kutoka ziwani hadi Mpanda ilikuwa ya zaidi ya kilomita 100, kisha treni kupitia Kaliua. Reli hiyo ya Kaliua hadi Mpanda, kilomita 210, Waingereza hawakuijenga kwa kuwahurumia wasafiri. Waliijenga mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa sababu Mpanda ilikuwa na machimbo ya madini ya risasi. Machimbo yalifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, reli ikabaki na abiria wake, na hadi leo mji wa Mpanda unaitegemea.

Mwaka 1974 treni ile ikawa haifiki tena mkoani kwake. Mkoa sasa ulikuwa Sumbawanga, zaidi ya kilomita 200 kusini mwa Mpanda, kwa barabara inayokatiza mbuga ya Katavi penye tembo na nyati. Masika yakikolea, mtu wa Ikola aliyekuwa na shauri la kufuatilia ofisi za mkoa alianza kwanza kuuliza hali ya barabara. Ndiyo maana mwaka 2012, Serikali ilipotangaza mikoa minne mipya, yaani Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, watu wa ziwani walihesabu kilomita. Makao makuu ya mkoa yalisogea hadi Mpanda, na safari moja kubwa ikafutika.

Kanisa Katoliki lilikuwa limeiona hesabu hiyo mapema. Jimbo la Mpanda lilianzishwa mwaka 2000 kwa kugawa lile la Sumbawanga, miaka 12 kabla mkoa wenyewe haujagawanywa.

Kuna swali jingine ambalo huwaangusha hata walimu: kwa nini mkoa haukuitwa Mpanda? Tazama ramani uone mikoa mingapi ya Bara imepewa majina ya maji. Ruvuma, Kagera, Mara, Simiyu na Songwe ni mito; Rukwa na Manyara ni maziwa. Katavi imo katika kundi hilo, kwa kuwa Ziwa Katavi liko ndani ya hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 1974. Ni ziwa dogo, ambalo kiangazi hugeuka uwanda wa nyasi na tope lenye viboko waliosongamana. Makao makuu ya mikoa hiyo yana majina yake yenyewe: Songea, Bukoba, Musoma, Bariadi, Vwawa, Sumbawanga, Babati, Mpanda. Kwa anayesoma jiografia, haya ndiyo yanayosumbua, maana Mwanza au Iringa humpa mtu majibu mawili kwa jina moja.

Lakini nyuma ya jina la ziwa yupo mtu. Masimulizi ya Wabende yanamtaja Katabi, mwindaji mashuhuri ambaye roho yake inaaminika kukaa kwenye mkwaju ulio karibu na ziwa hilo. Watu hufika pale na kuweka sadaka, wakiomba mvua au mawindo. Kwa hiyo kila mkuu wa mkoa anayetia saini barua yenye kichwa "Mkoa wa Katavi" anaandika pia jina la mwindaji huyo. Habari hii ingestahili nafasi katika kila kitabu cha darasa la nne nchini, pamoja na orodha ya mikoa na makao makuu yake.

Orodha yenyewe huchakaa haraka kuliko vitabu. Aliyemaliza shule ya msingi mwaka 2011 alikariri mikoa 26, Bara na Zanzibar. Mdogo wake wa mwaka 2013 alikariri 30. Songwe ilipoanzishwa mwaka 2016 ikawa 31. Wote watatu wamesema kweli. Hata sifa za mikoa hubadilika. Sensa ya mwaka 2012 iliihesabia Katavi watu 564,604, mkoa wenye watu wachache kuliko wote wa Bara. Sensa ya mwaka 2022 ikawakuta 1,152,958, zaidi ya maradufu, na nafasi ya mwisho kwa Bara ikaenda Njombe. Hakuna mkoa uliokua kwa kasi kama hiyo kati ya sensa hizo mbili. Wafugaji na wakulima wameendelea kuingia kutoka kaskazini wakitafuta malisho na ardhi. Takwimu hizo maana yake ni madarasa, zahanati na mashamba yanayogombewa, na yeyote anayepanga bajeti ya Katavi kwa picha ya zamani ya pori lisilo na watu anawakosea watu hawa.

Majiji nayo yana mitego yake. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ulifanywa mwaka 1973, lakini sheria ya kuitangaza makao makuu ilipatikana mwaka 2018, mwaka uleule Dodoma ilipopandishwa kuwa jiji. Tangu mwaka 2021, Jiji la Dar es Salaam kwa mpaka wa kiutawala ni iliyokuwa Manispaa ya Ilala. Kinondoni, Ubungo, Temeke na Kigamboni ni manispaa za mkoa huohuo.

Swali la "kwenu mkoa gani" halijawa jepesi kwa wote. Katika wilaya hiihii ya Tanganyika kuna Mishamo, makazi yaliyofunguliwa mwaka 1978 kwa wakimbizi waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Watoto wao na wajukuu wao wamezaliwa hapa. Mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000 wa Mishamo, Katumba na Ulyankulu walipata vyeti vya uraia wa Tanzania. Mpango wa awali ulikuwa watawanywe katika mikoa mingine baada ya kupata uraia, kisha ukaachwa, wakabaki walipo. Kwa familia za Mishamo, kuandika "Katavi" kwenye fomu lilikuwa jambo lililosubiriwa kwa zaidi ya kizazi kimoja.

Simama ufukoni Ikola utazame magharibi. Ng'ambo ni Kongo, na upande ule upo mji wa Moba, ambao Wabelgiji waliuita Baudouinville. Moba iko mkoa gani? Hadi mwaka 2015 jibu lilikuwa Katanga. Mwaka huo Katanga iligawanywa vipande vinne, na kipande cha ziwani kikaitwa Tanganyika, makao makuu Kalemie. Jina ambalo Waingereza waliipa nchi yetu mwaka 1920, likaacha kuwa jina la nchi baada ya Muungano wa mwaka 1964, leo limerudi ziwani: wilaya kwetu, jimbo kwa jirani.

Nchi zote nne zinazochangia ziwa hili zimechora upya mipaka ya ndani ndani ya miaka 15 hivi. Zambia ilianzisha Jimbo la Muchinga mwaka 2011, sisi tukaongeza mikoa mwaka 2012, Kongo ikagawa mwaka 2015. Burundi imekwenda kinyume cha wenzake: mwaka 2025 mikoa yake 18 imeunganishwa ikawa mitano. Mwanafunzi wa Ikola anaweza kujifunza somo zima la utawala bila kutoka kwenye ziwa lake.

Hata saa huachana ziwani. Tanzania iko mbele kwa saa moja dhidi ya Kongo ya mashariki, Burundi na Zambia. Mfanyabiashara anayepatana kwa simu na mwenzake wa Moba kukutana saa nne asubuhi lazima aseme saa nne ya wapi.

Mahusiano hayo ya ng'ambo si mapya. Karema, hapo jirani, ndipo chama cha Mfalme Leopold II wa Ubelgiji kilipojenga kituo chake cha kwanza mwaka 1879, kabla Kongo yenyewe haijawa mali yake. Mwaka 1885 kituo hicho kilikabidhiwa kwa Mapadri Weupe. Mwaka 1889 akafika hapo Adrien Atiman, mtu wa Afrika Magharibi aliyetekwa utumwani angali mtoto, akakombolewa na kusomeshwa utabibu Malta. Aliwatibu watu wa ufuko huu hadi alipofariki mwaka 1956. Leo Karema ina bandari mpya iliyojengwa kwa ajili ya mizigo ya Kongo, na mipango ya reli inaitaja kama kituo cha mwisho cha njia itakayotoka Kaliua kupitia Mpanda. Reli hiyo ikifika, wasikilizaji wa kipindi cha chemsha bongo watalazimika kujifunza kwamba reli za Tanzania hufika Ziwa Tanganyika mahali pawili.