Kwa Nini Muuguzi Wetu Anaomba Uhamisho?

Mama mwenzangu, huenda zahanati ya kijijini kwenu imepakwa rangi na bati zake zinang'aa, lakini ukipeleka mtoto mwenye homa usiku, mlango umefungwa. Muuguzi amehama. Aliyemtangulia naye alihama. Tumezoea kusema kwamba wasichana wa siku hizi hawapendi kijiji, na maneno yanaishia hapo.

Hapa Tanzania tumejenga sana. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, ulioanza mwaka 2007, ulilenga kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata kituo cha afya. Lakini jengo huinuliwa kwa miezi, na muuguzi husomeshwa kwa miaka. Akiondoka, hatufyatuliwi mwingine kama tofali.

Mimi ni muuguzi, nimeketi na wenzangu wengi wakiandika barua za kuhama. Mshahara hutajwa, bila shaka. Lakini ukiwasikiliza hadi mwisho utasikia habari ya nyumba. Dada amepanga chumba kimoja, choo kiko mbali, maji ni ya kununua kwa dumu. Usiku anagongewa mlango akazalishe, naye ana mtoto anayenyonya. Amwache na nani? Asubuhi yuko kliniki tena: anapima uzito, anachoma sindano za chanjo, anajaza rejista, yote peke yake. Dawa zikiisha, anatukanwa yeye, kana kwamba yeye ndiye bohari!

Kisha msimamizi anakuja na gari kutoka wilayani, anaandika makosa, anaondoka bila hata kuuliza, "Unaishije hapa?" Hilo huchosha kuliko zamu ya usiku.

Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa mapendekezo ya kuwafanya watumishi wa afya wabaki vijijini, likayapitia upya mwaka 2021. Pamoja na malipo, yanataja makazi bora, usalama kazini, usimamizi wa kusaidia, nafasi ya kujiendeleza, na kuwasomesha vijana waliokulia vijijini. Hilo la mwisho linatuhusu sisi wazazi: binti yako aliyefaulu Baiolojia kidato cha nne, umewahi kumtajia chuo cha uuguzi?

Tena kila zahanati inatakiwa kuwa na kamati yenye wajumbe wa kijiji, na tangu mwaka wa fedha 2017/18 sehemu ya fedha za afya huingia moja kwa moja katika akaunti ya kituo. Gombea ujumbe. Uliza kama nyumba ya mtumishi imo katika mpango wa mwaka, na kama haimo, ipelekeni kwenye mkutano wa kijiji.

Mengine hayahitaji kikao. Muuguzi mgeni akaribishwe chai, apate mama wa kumwachia mtoto. Na baba akienda kumgongea saa nane usiku, achukue tochi, amsindikize kwenda na kurudi. Kurudi ndiko husahauliwa.