Mji wa Hoi An: Siku Moja ya Kutazama na Kununua

Wasikilizaji wetu, leo twataka kuwachukueni mbali, mpaka nchi ya Vietnam, iliyo kusini mashariki ya Asia. Katikati ya nchi ile, karibu na mahali mto Thu Bon uingiapo baharini, pana mji mdogo wa kale uitwao Hoi An. Wazungu wa zamani waliuita Faifo. Wageni wengi huenda huko kutazama na kununua. Lakini mtu ajuaye bei za vitu tu, asijue kwa nini mji u vile ulivyo, amefanya nusu ya safari.

Yafaa kwanza tujue asili yake. Watu wa pwani yetu wazijua kaskazi na kusi. Katika bahari ya China pia pepo hugeuka kwa majira. Katika karne ya 16 na ya 17 vyombo vya Wachina na Wajapani vilishuka kwa upepo wa kaskazini, vikangoja miezi kadhaa, kisha vikarudi kwa upepo wa kusini. Mfanya biashara mwenye kungoja hana budi kuwa na ghala, na nyumba, na mahali pa kusali. Hivyo ndivyo soko la msimu lilivyogeuka kuwa mji.

Basi na tuanze asubuhi, jua lisijawa kali, penye daraja la Wajapani. Husemwa kwamba lilianza kujengwa mwaka 1593, mwaka ule ule Wareno walipoanza kuijenga Fort Jesus kule Mombasa. Lina paa la vigae, na ubavuni mwake pana hekalu dogo; mwisho mmoja zimekaa sanamu za mbwa, na mwisho wa pili sanamu za nyani. Mwaka 1719 mtawala Nguyen Phuc Chu alilipa jina lenye maana ya daraja la wageni watokao mbali. Lakini Wajapani wenyewe hawakuja tena kama zamani, maana mwaka 1635 serikali yao iliwakataza raia wake kusafiri ng'ambo. Wachina ndio waliodumu, wakajenga nyumba za mikutano kwa watu wa kila jimbo. Ile ya watu wa Fujian ni ya heshima ya Thien Hau, mlinzi wa mabaharia.

Tuingie sasa katika nyumba ya mfanya biashara. Ni nyembamba na ndefu sana: mbele yatazama njia, na hapo ndipo palipokuwa na duka, nyuma yaelekea mto, na hapo ndipo mizigo ilipopakuliwa. Katika nyumba nyingine sakafu ya juu ina tundu lenye kifuniko. Maji ya mto yakipanda, wenyeji huvuta bidhaa juu kwa kamba. Ukutani mwa nyumba ya Tan Ky zimetiwa alama za mafuriko, na ile ya mwaka 1964 yapita kimo cha mtu.

Adhuhuri tule cao lau, tambi nene za mchele zenye nyama na majani mabichi. Kisha twende madukani. Hapo pana taa za mianzi zilizovikwa hariri, zenye kukunjwa kama mwavuli. Pana vyombo vya udongo vya kijiji cha Thanh Ha. Tena pana washona nguo wengi, ambao mgeni akipimwa leo, kesho huvaa. Tusione haya kuuliza bei na kupatana, kwa upole na kicheko kama sokoni kwetu. Wala tusishangae kutoa noti ya dong 20,000 kwa kitu kidogo; na tukiigeuza noti ile tutaliona lile daraja la asubuhi.

Lakini mji huu ulisalimikaje? Katika karne ya 19 mchanga uliujaza mto, na merikebu kubwa hazikuweza kuingia tena. Biashara ikahamia Da Nang, umbali wa kilometa 30 hivi. Kwa kuwa fedha iliondoka, hakuna aliyekuwa na haja ya kubomoa nyumba za kale ili ajenge kubwa zaidi. Umaskini ukawa mlinzi. Mwaka 1999 UNESCO ikauandika mji katika urithi wa dunia, kama ilivyouandika Mji Mkongwe wa Unguja mwaka 2000, na mji wa kale wa Lamu mwaka 2001.

Sasa fedha imerudi pamoja na wageni, nayo ina pande mbili. Ada wanayotoa wageni husaidia kutengeneza mbao zinazooza. Lakini nyumba nyingi zimekuwa maduka, na kila nyumba inayohamwa na wenyewe hupungukiwa na mtu wa kuyajua mambo yake. Kuta zaweza kulindwa kwa sheria. Desturi hulindwa na wakaao ndani. Watu wa Unguja na Lamu nao wanalo jambo hilo mlangoni pao. Basi mgeni mwema hununua kwa fundi mwenyewe, na humwuliza pia habari za kazi yake.